Matandazo ya Kuotesha Nyumbani: Kutambua Chanzo cha Matatizo Katika Mashamba ya Tanga

Mkulima wa Muheza au Pongwe anayeamua kuotesha matandazo yake mwenyewe, yaani kupanda miti na vichaka vya kukatwa majani ya kufunikia udongo, badala ya kuhangaika kila mwaka kutafuta nyasi za kukata kando ya barabara, kwa kawaida hukwama katika msimu wa pili. Msimu wa kwanza miti bado michanga na hakuna anayeitegemea. Msimu wa pili ndipo fito zilizokauka, visiki vilivyogoma kuchipua na michungwa iliyogeuka manjano huonekana kwa pamoja, na lawama zote huangukia mti: ama glirisidia haiupendi udongo wetu, ama alizeti pori inanyonya ardhi, ama mlusina umeingiwa na wadudu. Nimekagua mistari mingi ya namna hiyo, ukiwamo wa shambani kwangu, na mara nyingi nimekuta kosa si la mti bali la tarehe, kwa maana kwamba mti ulipandwa, ukakatwa au majani yake yakatandazwa katika mwezi usiofaa. Kwa hiyo katika kila dalili iliyoelezwa hapa chini, jambo la kwanza la kuuliza ni kazi ilifanyika lini, na la pili ni kitu gani kimelazwa juu ya udongo gani.

Kalenda ya pwani ya Tanga inafahamika kwa kila mtu, lakini ni vyema ikumbukwe hapa kwa sababu kila kitu kinaifuata. Masika huanza Machi na kwisha Mei, mvua ndogo za mchoo hunyesha katikati ya mwaka, vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, kisha Januari na Februari, kaskazi inapovuma, jua huunguza udongo ulio wazi hadi mizizi ya juu juu ikafa. Kichanga cha Kigombe na Tongoni hupoteza maji ndani ya siku chache, ilhali udongo mwekundu wa kuelekea Muheza hushika maji lakini juu yake hufanya utando mgumu unaoyafukuza matone ya mvua ya kwanza. Vifaa vya uchunguzi ni panga lenye makali, jembe, na ukucha wa kidole gumba.

Fito za glirisidia zimechipua majani, kisha zimekauka

Dalili hii huwavunja watu moyo kuliko nyingine zote, kwa kuwa hutokea baada ya mtu kuwa amekwisha kujisifu kwa majirani. Fito imekatwa na kuchimbiwa, na baada ya wiki mbili au tatu inatoa majani laini; mwezi wa pili majani yananyauka na fito inabaki kuni. Majani yale ya mwanzo hayakuwa dalili ya mizizi. Fito huchipua kwa chakula kilichohifadhiwa ndani ya mti wenyewe, na akiba hiyo ikiisha kabla mizizi haijashika, hakuna kinachobaki cha kuyalisha majani.

Kwaruza gamba kwa ukucha, kwanza juu, kisha karibu na ardhi. Kama juu ni pakavu na pa kahawia lakini chini ni kijani kibichi chenye maji, fito iko hai. Kata sehemu iliyokufa kwa mteremko ili maji ya mvua yasituame juu yake, na uiache. Kama juu bado kijani na chini ni kahawia, fito imekwisha kufa hata kama majani hayajaanguka, na hapo inafaa uing'oe uitazame kitakoni, kwa sababu kitako kinaeleza kilichotokea.

Gamba lililochanika na kukunjamana kama soksi iliyoteremka maana yake fito ilipigiliwa ardhini kwa jiwe au kisogo cha shoka. Mizizi huota kutoka chini ya gamba hilo hilo, na likishabanduka hakuna pa kutokea. Dawa yake ni kutoboa shimo kwanza kwa mtaimbo, kina cha sentimita 20 hadi 30, kuishusha fito taratibu, kisha kuushindilia udongo kwa kisigino pande zote. Kitako kizima kisicho na jeraha wala mzizi, chenye gamba la kijani na moyo laini, ni cha fito changa mno. Chagua tawi lililokaa mtini angalau miezi 6, nene kama mpini wa jembe, lenye gamba la kijivujivu na vidoadoa vyeupe. Kitako kilichooza na kutoa harufu ya tope kinaonyesha kwamba maji yalituama, jambo la kawaida katika mabonde yenye mfinyanzi, na hapo hakuna ufundi utakaosaidia isipokuwa kuhamia kwenye mwinuko. Kuna pia kosa ambalo watu hulionea haya kulitaja, nalo ni kupanda fito kichwa chini. Vijana wakibeba mzigo wa fito mia moja kutoka upande wa pili wa kijiji, juu na chini husahaulika njiani. Kwa hiyo wakati wa kukata, upande wa chini uchongwe kwa mshazari na wa juu ukatwe bapa, na hakutakuwa na ubishi tena.

Hata fito iliyo bora hushindwa ikipandwa kwa kuchelewa. Ikatwe mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kabla mti mama haujaanza kuchipua kwa nguvu, isimamishwe kivulini siku chache, kisha ipandwe ardhi ikishalowa vizuri. Inayopandwa katikati ya Mei hupata wiki chache tu za mvua, na mchoo hautoshi kuifikisha Oktoba katika kichanga. Mwenye subira aoteshe kwa mbegu, kwa kuwa mti wa mbegu hushusha mzizi mkuu na hustahimili kiangazi na upepo kuliko ule wa fito, ingawa huchelewa kutoa mavuno ya kwanza.

Mbegu za mlusina hazioti

Mbegu ya glirisidia ina ganda jembamba na huota bila maandalizi. Ya mlusina, ambao wengine huuita lukina, ina ganda linalokataa maji, na ukiipanda kavu itaota mojamoja kwa miezi mingi. Chemsha maji, yaondoe motoni, yaache dakika chache yapungue ukali, tia mbegu kwa dakika mbili au tatu, kisha zihamishie katika maji baridi zilale usiku kucha. Zilizovimba zipandwe asubuhi hiyo hiyo, na zisizovimba zirudiwe. Ukizichemsha zikiwa juu ya jiko utakuwa umezipika.

Mti umepukutisha majani yote, au kisiki hakichipui baada ya kukatwa

Haya ni mambo mawili yanayofanana kwa macho. Glirisidia ambayo haijakatwa kwa muda mrefu hupukutisha majani katika kiangazi na kutoa maua ya waridi kwenye matawi matupu, na mwenye shamba asiyejua hilo huweza kuamuru ing'olewe. Ukucha utakuonyesha kijani. Mti uliokatwa mvua zikielekea ukingoni huwa na machipukizi machanga ambayo hayapukutiki kwa urahisi, na hii ni faida mojawapo ya kukata kwa wakati wake.

Kisiki kisichochipua ni tatizo halisi, na vyanzo vyake hupatikana kwa kuuliza maswali manne. Je, mti ulikuwa na umri gani ulipokatwa mara ya kwanza? Mti wa chini ya miezi 8 bado haujaweka akiba ya kutosha mizizini, na ni salama zaidi kungoja ukaribie mwaka. Je, ulikatwa kimo gani? Watu waliozoea kufyeka hukata karibu na ardhi kwa sababu panga limezoea huko, lakini mlusina na glirisidia huchipua vizuri zaidi zikikatwa kati ya goti na kiuno, ambako kuna macho mengi ya kuchipulia. Je, panga lilikuwa na makali? Tazama juu ya kisiki. Ukiona kimepasuka na kuacha mwanya unaoingia kalamu, maji huingia humo na kuvu huteremka hadi shinani. Na je, kisiki kiliachwa kitupu kabisa? Mti unapokatwa matawi yote, sehemu ya mizizi midogo pamoja na vifundo vyake vya kutengenezea naitrojeni hufa pia, na mti hulazimika kujijenga upya juu na chini kwa wakati mmoja. Mimi huacha tawi moja lenye majani katika kila shina hadi machipukizi mapya yafikie urefu wa kiganja, ndipo nalo huliondoa.

Kuna swali la tano ambalo ndilo zito zaidi: ulikata mara ngapi tangu mvua ianze? Katika masika, kukata kila baada ya wiki 6 hadi 8 kunavumilika kwa mti uliokomaa. Mwenye tamaa akaendelea kukata Julai na Agosti kwa kasi hiyo hiyo huona kila zao la majani likiwa dogo kuliko lililotangulia, machipukizi yakitoka membamba na ya manjano, na hatimaye kisiki kikibaki kimya. Dawa ni kuacha kukata msimu mzima. Hakuna mbolea inayofuta deni hilo kwa haraka, ingawa mkulima mwenye samadi anaweza kuisogeza karibu na mstari wake.

Kwa ratiba yangu, mavuno makubwa mawili ya mwaka ni ya mwisho wa Mei na ya katikati ya Desemba. La Desemba ndilo ninalolithamini zaidi, kwani majani huwahi kuufunika udongo kabla ya jua la Januari, na mti nao bado una unyevu wa vuli wa kuchipulia.

Majani yamejikunja, yananata, au yamefunikwa na weusi kama masizi

Katika glirisidia, geuza jani. Vidukari vyeusi hujikusanya kwenye ncha laini na kudondosha majimaji matamu, na juu ya utamu huo huota ukungu mweusi. Majani yaliyoathirika huanguka, lakini mti haufi. Kata ncha hizo uzitumie kama matandazo mbali na kunde na choroko, kwa sababu vidukari hao hao hushambulia kunde pia.

Katika mlusina, ncha za manjano zilizodumaa, zilizojaa vijidudu vidogo vinavyoruka ukivigusa, ni kazi ya mdudu mfyonzaji ambaye asili yake ni huko Amerika ulikotoka mti wenyewe, na ambaye aliingia Afrika Mashariki mwaka 1992. Kabla ya hapo mlusina ulihubiriwa kama mti wa miujiza, na waliopanda mlusina mtupu ndio walioumia. Shambulio hupungua mvua kubwa zinapoanza. Kupulizia dawa mti unaokusudiwa kuoza chini ya mchungwa ni kupoteza fedha. Ni heri mstari uwe na aina mbili au tatu za miti zilizochanganywa.

Manjano yasiyo na mdudu yeyote yana maelezo mengine. Mlusina haupendi udongo wenye tindikali, na kwa hiyo huchangamka kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe karibu na bahari na kudhoofika ukipelekwa Amani, kwenye milima ya Usambara. Chimba kando ya shina uvitafute vifundo kwenye mizizi, ukate kimoja kwa wembe: chenye wekundu ndani kinatengeneza naitrojeni, chenye weupe au ukijani hakifanyi kazi. Huko milimani kaliandra hufaa zaidi, na alizeti pori haihitaji kubembelezwa; wakulima wa Lushoto wana pia tughutu, kichaka cha asili ya huko wanachokifahamu kama mbolea ya majani tangu zamani.

Matandazo yametoweka baada ya wiki chache

Malalamiko haya huletwa na mtu aliyetandaza rundo la kufika magotini mwezi Aprili, na kufikia mwisho wa Mei akaukuta udongo ukiwa wazi. Huwa anawashuku mchwa. Kabla ya kuwahukumu, fanya hesabu. Majani mabichi ya glirisidia au alizeti pori yana maji kiasi cha robo tatu ya uzito wake au zaidi, kwa hiyo mzigo wa kilo 100 ulioubeba kwa toroli ni kilo 20 hadi 25 tu za majani makavu. Kati ya hizo, nusu huweza kuoza ndani ya mwezi mmoja wa mvua. Hakuna kilichoibwa, umeweka mbolea ukadhani umeweka mfuniko.

Kazi hizo mbili ni tofauti, na vurugu nyingi za matandazo hutokana na kuzichanganya. Majani laini yenye naitrojeni nyingi, kama ya glirisidia, mlusina na alizeti pori, hulisha. Alizeti pori hasa ni tajiri, kwani majani yake makavu huwa na naitrojeni asilimia 3.5 hivi na potasiamu ya karibu asilimia 4. Majani magumu, kama ya mjohoro, majani ya Guatemala, mabingobingo yaliyokomaa, makuti chakavu na makumbi ya nazi, hufunika. Yanakaa, yanazuia magugu, yanapunguza joto la udongo, lakini hayalishi kwa haraka. Mkulima anayetaka udongo wake ubaki umefunikwa hadi Machi anahitaji yote mawili, laini chini na magumu juu, na ni heri tabaka la juu liwe na unene wa sentimita 8 hadi 10 baada ya kushuka.

Hii ndiyo sababu nashauri nusu ya mpaka wa shamba ipandwe mjohoro au majani ya Guatemala, ingawa hayasifiwi kama glirisidia. Ua la glirisidia tupu linapendeza, linakatika kwa urahisi, na linamwacha mwenye shamba bila mfuniko katika miezi ile ile anayouhitaji.

Mazao yamegeuka manjano baada ya kutandaza

Hapa kuna vyanzo vitatu vinavyotaka tiba tofauti, na kukosea kunagharimu. Anza kwa kuangalia ni majani gani ya mmea yamebadilika. Majani ya chini yakianza kuwa manjano huku ya juu yakibaki na kijani hafifu, naitrojeni imepungua. Uliza kama mabua ya mahindi, maranda ya mbao au makumbi yaliyosagwa yalichanganywa na udongo wakati wa kulima. Vijidudu vinavyoozesha huhitaji naitrojeni, na vitu vya namna hiyo vina kaboni nyingi mno kwa naitrojeni kidogo: katika mabua ya mahindi uwiano ni kama 60 kwa 1, katika maranda ni mamia kwa 1, ilhali katika majani ya glirisidia hauzidi 15 kwa 1. Uwiano ukipita 25 au 30 kwa 1, vijidudu huchota naitrojeni ya udongo na mmea hubaki na njaa kwa wiki kadhaa. Maranda yaliyolazwa juu tu hayana madhara makubwa. Yaliyofukiwa ndiyo hatari. Tiba ni kutandaza majani mabichi ya glirisidia au alizeti pori kuzunguka mimea na kungoja, wala si kufukua tena.

Majani yote yakiwa manjano kwa pamoja, na udongo chini ya matandazo ukitoa harufu ya yai bovu ukiuchimbua, mizizi inakosa hewa. Hutokea kwenye mfinyanzi wakati wa masika pale mtu anapoweka tabaka zito la majani mabichi yanayogandamana kama mkeka uliolowa. Ondoa nusu yake, uyaanike kando ya tuta, na uyarudishe mvua ikipungua.

Hali kinyume chake nayo ipo: mmea unanyauka ingawa manyunyu yalinyesha jana. Ingiza mkono chini ya matandazo. Ukikuta juu pamelowa na udongo chini ni mkavu kama jivu, tabaka ni nene kuliko mvua iliyonyesha, na maji yote yameishia kwenye majani. Matandazo hutunza unyevu uliopo, na yakiwekwa juu ya udongo mkavu hutunza ukavu.

Kuna wanaochukua mabaki ya mkonge kwenye mashamba makubwa, kwa kuwa katika jani la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito na mengine yote hubaki. Zao hilo limekuwapo Tanga tangu mwaka 1893, na milima ya mabaki yake ni jambo la kawaida. Yakiwa mabichi yana maji makali yanayowasha ngozi, na yakiwekwa kwenye miche huiunguza. Yaachwe kwenye rundo yaoze, yapoe na kubadilika rangi kabla ya kugusa shamba.

Mchungwa uliotandaziwa unatoa gundi shinani

Mzee mmoja jirani yangu aliniita mwezi Juni nitazame michungwa yake mitatu, ambayo ilikuwa imepaliliwa vizuri na kutandaziwa kwa ukarimu mkubwa. Baada ya shikamoo na marahaba alinionyesha majani ya juu yaliyokuwa yamepauka na kujikunja. Nilipiga magoti nikaondoa matandazo kwa mikono. Yalikuwa yamelundikwa hadi kimo cha goti, yakigusa shina pande zote, na ndani yake mlikuwa na joto na jasho kama chungu kilichofunikwa. Gamba la shina lilikuwa limelainika, na nilipolibonyeza lilitoa tone la gundi ya rangi ya asali. Chini ya gamba, badala ya ukijani uliofifia, palikuwa na kahawia iliyozunguka karibu theluthi moja ya shina. "Nilikuwa nauvisha nguo," alisema mzee, na nilikosa la kumjibu.

Hicho ni kioza shina, ugonjwa unaoletwa na kimelea cha faitofthora kinachoishi udongoni na kusambaa kwa maji. Gamba la mchungwa mtamu hushambuliwa kwa urahisi, na ndiyo maana michungwa ya Muheza hubebeshwa juu ya shina la mlimao na kiungo hutakiwa kikae juu ya ardhi. Matandazo yakikifunika kiungo, faida yote ya kubebesha imepotea. Mwondolee mti matandazo hadi umbali wa shubiri mbili kutoka shinani, fukua udongo uliopanda hadi kwenye kiungo, kwangua gamba lililooza mpaka ufikie lililo zima, na upake dawa ya shaba (kopa). Mti ulioathirika nusu ya mzunguko una nafasi ya kupona. Ule uliozungukwa wote haufai kugharimiwa. Kwa miti mizima, matandazo yawekwe kwa umbo la pete, yakianzia shubiri mbili kutoka shinani na kuishia pale kivuli cha matawi kinapokomea saa sita mchana, kwa kuwa mizizi midogo inayolisha iko huko.

Mchwa, jongoo na konokono

Mchwa kwenye matandazo makavu ni jambo la kawaida na kwa sehemu kubwa si hasara, maana wao nao huvunja majani na kutoboa udongo. Huwa tatizo pale matandazo makavu yanapoisha na miche michanga ndiyo kitu pekee kilichobaki, au yanapogusa shina lenye jeraha. Kwa hiyo anayeona mchwa akakusanya matandazo yote na kuyachoma amewaondolea chakula na kuwaelekeza kwenye miche. Waongezee majani magumu mbali na mashina.

Jongoo na konokono ni suala jingine, nao hufurahia tabaka bichi la masika. Wakikata miche ya mchicha usiku, usitandaze kitaluni mpaka miche iwe na majani manne au matano magumu. Kuhusu viazi vitamu, tazama viazi vyenyewe wakati wa kuvuna: matundu yenye jongoo ndani huonyesha kwamba matuta yalifunikwa kwa majani mabichi mno.

Mwenye minazi asirundike mabaki ya magogo na samadi karibu nayo kwa jina la matandazo. Yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi hukulia kwenye marundo ya namna hiyo yanayooza. Tabaka jembamba la majani halimfai.

Matandazo yameota

Alizeti pori ikikatwa na kulazwa mbichi kwenye udongo uliolowa, vijiti vyake huweza kushika mizizi, na mabingobingo huota kwenye kila pingili inayogusa ardhi. Anika mzigo juani siku tatu, juu ya uzio au jukwaa la miti ili usiguse chini, kabla ya kuutandaza. Au pukusa majani peke yake na vijiti vipelekwe jikoni. Kama magugu yanayoota ni miche ya mlusina, tatizo ni maganda yaliyokomaa mtini, na njia ya kulizuia ni kukata mara maua yanapoonekana. Miche iliyokwisha kuota ing'olewe ikiwa na kimo cha kidole, kwa kuwa ikifikia goti mzizi wake utalishinda jembe.

Usiipuuze hatari hii kwa kudhani kwamba mti wowote unaokua haraka ni neema. Huko Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902 na kuotesha miti ya kila pembe ya dunia, mhesi uliopandwa na watu wa misitu umesambaa ndani ya msitu wa asili kwa sababu ndege aina ya hondohondo hula matunda yake na kudondosha mbegu kila waendako. Anayeishi jirani na msitu achague glirisidia ya fito, ambayo hukatwa kabla haijatoa maua.

Mahindi yaliyo karibu na mstari wa miti ni dhaifu

Pima umbali. Udhaifu ukiishia mita moja au moja na nusu kutoka kwenye mstari, ni mizizi na kivuli. Tofautisha kwa kukata matawi ya kipande kimoja cha mstari na kukiacha kingine: mahindi yakichangamka ndani ya wiki mbili upande uliokatwa, kilikuwa kivuli. Yasipochangamka, chimba mfereji wa kina cha mkono mmoja kati ya miti na mazao, ukate mizizi, kisha uujaze majani na kuufukia. Kazi hiyo hurudiwa kila mwaka kabla ya masika.

Udhaifu ukienea shamba zima, hesabu mistari, huenda imezidi. Miti haiumbi potasiamu wala fosforasi. Huichota mahali na kuipeleka pengine. Ua la alizeti pori linalokatwa miaka mingi bila kurudishiwa chochote litaanza kutoa majani madogo yenye uzambarau kingoni, na hapo ua lenyewe linahitaji majivu ya jikoni na samadi. Mimi hulipelekea lile la kwangu ndoo za majivu kila Februari, nikianzia upande wa juu wa mteremko ili mvua ya kwanza ya masika iyashushe hadi kwenye mizizi.